Gari la Viti Viwili Linalala Mbagala

Bibi harusi alikuwa tayari, saluni imemaliza kazi yake, na gari la kukodi lilikuwa limesimama kwenye lami ya Barabara ya Kilwa. Dereva aliutazama mtaa wetu wa Mbagala, akaona maji ya mvua ya asubuhi yametuama mbele ya karakana ya Mashaka seremala, akaanza kupandisha kioo.

"Mimi humo siingii, mama. Gari hili ni la watu. Mleteni hapa."

Aliyeambiwa maneno hayo ni Bi Mwajabu Shomari, na bibi harusi alikuwa bintiye wa pekee, Nusaiba. Hakubishana. Alirudi ndani, akamvua binti viatu vyeupe, akampa ndara, akalishika shela kwa mikono miwili lisiguse tope. Wakatembea mpaka lami huku majirani tukipiga vigelegele, ili ionekane kwamba ndivyo ilivyopangwa. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na siku hiyo nilibeba mwavuli. Mwajabu alimvisha binti viatu, akafunga mlango wa gari taratibu, kisha akamwambia dereva kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ahsante, mwanangu. Siku moja nitakuja na gari zuri kuliko hili, na litaingia mpaka mlangoni."

Tulidhani ni uchungu wa mama tu.

Mwajabu alifanya kazi Kurasini, kwenye yadi ya makontena, tangu akiwa msichana. Alianza kwa kufagia na kuchemsha chai. Kuendesha folklifti alijifunza mchana wa Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, na msimamizi mmoja wa kutoka Masasi akijifanya haoni. Miaka ilipokwenda akawa ndiye anayeyapanga magari yaliyoshushwa melini. Alikuwa na mkono mwepesi. Waliomcheka mwanzoni ndio waliokuja kumtafuta kila gari la thamani lilipotakiwa kusogezwa mahali penye nafasi finyu.

Katika yadi ile kulikuwa na gari moja jekundu la Kitaliano, la zamani kidogo, injini yake ikiwa nyuma ya viti na tumbo lake limekaribia kugusa ardhi. Ni gari la mbio, la aina wanayoiona watu wa kwetu kwenye televisheni. Aliyeliagiza alishindwa ushuru akapotea. Gari likakaa, vumbi likalifunika, paka akazalia chini yake. Kila yadi ilipopangwa upya, Mwajabu ndiye aliyelisogeza. Alipostaafu, mwaka mmoja baada ya harusi ya Nusaiba, gari liliingizwa mnadani. Matajiri walioliona hawakulitaka kwa sababu walizijua gharama zake. Wengine walitaka kupiga picha tu.

Lilimwangukia Mwajabu kwa milioni sabini na mbili. Mafao yake yalitoa thelathini na nane. Zilizobaki alikopa kwenye kampuni moja ya mikopo Temeke, akaacha kwao kadi ya gari, marejesho milioni mbili na laki tatu kila mwezi kwa miaka miwili. Mdogo wake Jabiri, anayeuza vipuri vya bajaji, alikuja mbio hata kofia hakuvaa.

"Dada, umerogwa? Kwa hela hiyo ungejenga fremu nne za maduka pale Rangi Tatu, ukala kodi mpaka siku ya kufa."

"Fremu haibebi bibi harusi."

"Na hili linabeba?"

"Litabeba. Mitaa yote ambayo magari ya mjini yanaogopa kuingia, hili litaingia."

Na kweli alijipanga. Mashaka alimchongea mbao mbili pana za kulaza juu ya mfereji unaokata mtaa wetu, magurudumu yapite bila tumbo kukwaruza. Matuta ya barabarani aliyapita kimshazari, gurudumu moja moja, kama kaa anayetoka shimoni. Siku ya kwanza alipoingia nalo, watu walitoka majumbani na vijiko mikononi. Halafu akaja mteja wa kwanza, baba mmoja wa Mtoni anayeoza binti. Alilizunguka gari, akainama, akachungulia.

"Bi Mwajabu, viti vingine viko wapi?"

"Ndiyo hivyo viwili."

"Mama wee! Mie nina bwana harusi, nina bibi harusi, mpambe wa huku na mpambe wa huku, na dereva juu. Watano! Niwafunge kamba juu ya paa?"

Hapo ndipo Mwajabu alipoona alichokifanya. Kwa muda wote ule wa yadini aliliendesha akiwa peke yake, kiti cha pili kitupu, na hakuna siku aliyowahi kukaa ndani na mtu. Alikuwa ameangalia injini, matairi, rangi, hata mlio wa breki, na kwa macho yake ya dereva hilo lilikuwa gari zima. Sasa aligundua kwamba amenunua gari la harusi lisiloweza kubeba harusi. Ukimwacha bwana harusi aje na gari jingine, bado haitoshi. Kwetu Pwani bibi harusi akitoka saluni kwenda ukumbini sharti somo wake awe ubavuni, yule mwanamke aliyemfunda, na mpaka amkabidhi hamwachi. Bibi harusi kiti kimoja, somo kiti kimoja, basi dereva akae wapi? Na hakuna mzazi wa kumpakia bintiye na dereva tu bila somo, hata dereva akiwa mwanamke.

Kijiweni walilipa gari jina: sahani ya mtu mmoja. Mwajabu akipita kwenda dukani walimwita, "Bi Mwajabu, sahani imeshaoshwa?" Naye alijibu bila kusimama, "Imeoshwa. Nyie bado mnakula kwenye mfuko."

Marejesho hayakungoja vicheko viishe. Alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, kodi yake ikaliwa yote na deni, na bado akauza friji na cherehani. Gari nalo likaanza kudai haki yake hata likiwa limesimama. Fundi aliyekubali kuligusa alikuwa Gregori wa Tandika, mtu wa maneno machache, ambaye alilala chini yake saa nzima akatoka akitingisha kichwa.

"Mama, hili siyo gari. Ni mgonjwa wa wodi ya kulipia."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Ila mkanda wa injini unabadilishwa kwa miaka, siyo kwa kilomita. Hata usipotembea, unazeeka. Na kuufikia ni kushusha injini yote. Betri, gari ukiliacha wiki, inakufa. Breki za mbele zimebaki nyembamba, siyo za kubadili leo wala kesho, lakini siku yao inakuja. Kuziagiza Dubai, kwa bei yake unanunua bajaji iliyotumika."

"Shusha injini," alisema Mwajabu. "Breki nitakwambia."

Jabiri alisikia hayo akashika kiuno. "Dada, uza. Mie nasema uza, hata kwa hasara."

"Hasara nitakula mie. Wewe kula ubwabwa wako."

Aliyefungua fundo alikuwa Lulu, binti wa Mashaka seremala. Lulu alichumbiwa na kijana wa Vingunguti, mwenye bucha jirani na machinjio, na somo wake tangu avunje ungo alikuwa Mwajabu mwenyewe. Wiki ya harusi Lulu alikuwa amekaa ndani anasingwa liwa, Mwajabu akimkanda miguu.

"Somo, eti lile gari lako Jumamosi lina kazi gani?"

"Lina kazi gani? Linalala."

"Siku hiyo ubavuni kwangu atakaa nani?"

"Mie. Nani mwingine?"

"Na anayejua kuliendesha nani?"

Mwajabu aliacha kukanda. Mama yake Lulu, aliyekuwa mlangoni na sinia, ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake tulikisikia mpaka kwetu.

Jumamosi ile gari jekundu lilipita juu ya mbao za Mashaka na bibi harusi ndani. Somo alikuwa ubavuni kama inavyotakiwa, kwenye usukani, amevaa dera jipya na udi umemkaa. Matarumbeta yalikuwa mbele kwenye pikapu. Hapo likatokea jambo ambalo Gregori alikuwa hajalisema: gari lililoundwa kukimbia halivumilii mwendo wa matarumbeta. Kabla ya Mtoni sindano ya joto ilikuwa imepanda juu. Mwajabu alishusha kioo akampigia kelele mpiga ngoma kubwa, "Ongezeni mwendo au zimeni! Nachemka!" Matarumbeta yakakimbia. Msafara wote ukaingia ukumbini kwa kasi ambayo haijaonekana kwenye harusi yoyote ya Temeke, wapigaji wameshikilia kofia zao. Watu walidhani ndiyo mtindo mpya.

Baada ya hapo simu yake haikutulia. Bibi harusi asiye na somo alimchukua Mwajabu awe somo na dereva. Mwenye somo wake alikuja naye, wanawake wakakaa kikao barazani, na somo akiridhika alimwachia bibi harusi mkononi, yeye akafuata kwenye gari la nyuma. Bernadeta, mama wa Kimakonde anayeuza vinyago, alimchukua kwa harusi ya kanisani ya bintiye Noela, akasema huyo ndiye matroni, na paroko akitaka kuuliza aulize. Bei ilikuwa laki nne, na nusu hulipwa kabla.

Wazee wa kike hawakukosa neno. "Mwajabu anauza usomo!"

"Mpambaji analipwa," aliwajibu uso kwa uso, kwenye msiba tena, mahali ambapo watu hawajibizani. "Mshereheshaji analipwa. Anayekodisha viti vya plastiki analipwa. Mie nina deni la gari, nikae bure kwa sababu ya jina?"

Pesa iliingia, lakini haikukaa. Pesa za harusi sita za mwezi karibu zote zilikwenda kwenye marejesho. Zikizidi, ilikuja feni mpya ya kupozea injini, au tairi la nyuma ambalo halipatikani Kariakoo. Hata hivyo alikuwa anakwenda sawa na deni. Kilichokuja kutaka kumwangusha ni bima.

Mkataba wa mkopo ulidai gari liwe na bima kubwa wakati wote, ile inayolipa gari lenyewe likiibwa au likiungua. Ikikatika, kampuni inalichukua gari. Mwaka wa kwanza kampuni ya mikopo iliilipia yenyewe ikaiongeza kwenye deni, wala hakuna aliyeuliza swali. Mwaka wa pili ulikuwa juu yake, na bima ya zamani ingekwisha Shaabani ikielekea ukingoni. Wakala wa bima, Stephano, kijana mwenye tai hata Jumapili, alipeleka maombi mjini akarudi na jibu: gari la namna hiyo, linalolala nje chini ya turubai, kwenye uzio wa mabati, Mbagala, hawalikatii bima.

"Lakini usiogope, Bi Mwajabu," alisema, akivuta kiti karibu. "Ninaye mteja Masaki, ana geti na mlinzi. Tunaandika linalala kwake. Na ada inashuka. Watu wanafanyaga hivyo kila siku."

"Likiungua hapa, wakija wakauliza limefikaje Mbagala?"

"Utasema ulikuja kumsalimia shangazi."

"Shangazi ni mie, Stephano."

"Ni karatasi tu, mama."

"Karatasi ndiyo itakayolipa. Na nikwambie jingine. Mie nimelinunua gari hili kwa sababu kuna mtu alisema humu haliingii gari la watu. Leo niandike kwa mkono wangu kwamba linalala Masaki? Andika Mbagala. Waambie waje waone linapolala."

"Watakuta turubai."

"Wewe waambie waje."

Kesho yake Mashaka na mafundi wawili waliuvunja ukuta wa mbele wa sebule yake. Makochi yalitolewa barazani, kabati la vyombo likapelekwa kwa Nusaiba, televisheni chumbani. Palipokuwa na dirisha na ukuta pakawekwa mlango wa chuma wa kuviringisha, kama wa duka, na kufuli tatu. Mwajabu aliliingiza gari mwenyewe kinyumenyume. Vigae viwili vya sakafu vililia vikapasuka. Hakuvitazama. Pua ya gari ikabaki inaangalia mtaa kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Jabiri alikaa kwenye kochi barazani, akatazama ndani, akazihesabu kufuli.

Mkaguzi alikuja Jumatano, jina lake Farhan, mpole, mwenye kishikwambi cha kupigia picha. Alisalimia vizuri.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Gari lile pale."

Alisimama kizingitini. "Hii… ilikuwa sebule?"

"Ni sebule. Mmesema msilolitaka ni gari la kulala nje. Hili halilali nje. Liko ndani kuliko wapangaji wangu."

Farhan alicheka, akajizuia, akaanza kazi. Alipima, akatikisa mlango, akajaribu kufuli moja moja. Aliuliza kama kuna mtungi wa kuzimia moto, akaonyeshwa. Kisha akanusa, akafungua mlango wa jikoni, uso ukabadilika.

"Bi mkubwa, jiko la gesi liko hatua chache tu kutoka kwenye tangi la petroli. Hapo siwezi kusaini, hata ungekuwa mama yangu."

Alikuwa na haki, na Mwajabu aliliona hilo papo hapo. Alimwita Mashaka, wakabeba mtungi na jiko mpaka uani, chini ya bati la kufulia.

"Makochi nje, jiko nje," alisema Farhan akiandika. "Ndani kimebaki nini?"

"Mie na gari."

Aliahidi kupeleka taarifa ofisini, akasema uamuzi si wake. Siku ya mwisho ya bima ile ya zamani ikafika na uamuzi bado. Asubuhi hiyo aliyekuja alikuwa Brightson, afisa wa kampuni ya mikopo, shati limenyooshwa, na kwenye lami ameacha gari la kuvutia magari mabovu.

"Mama, mimi nakuheshimu sana. Lakini saa kumi ofisi zikifungwa na bima hakuna, mkataba unasema nilichukue. Tena kwa ustaarabu, nimekuletea habari njema. Kuna mtu wa mjini analitaka. Deni linaisha leo leo na wewe unabaki na chochote."

"Mwambie huyo mtu aje anywe chai. Kuuza siuzi."

"Mama, usinifanye nitumie nguvu."

"Nguvu ya nini, baba? Saa kumi haijafika. Keti. Kochi hilo hapo."

Brightson hakuketi. Alipiga simu, akaamuru gari la kuvutia liingie. Tulimwona dereva wake akija kwa miguu, akautazama mfereji. Mbao za Mashaka hazikuwepo. Seremala alikuwa amezivuta tangu alfajiri, ameziegemeza karakanani, na sasa alikuwa anapiga randa kana kwamba hana habari na dunia.

"Braza," dereva alimwambia Brightson, "mie humo siingii. Ekseli itabaki mferejini."

Mtaa mzima ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele vile vile vya siku ya Nusaiba, ila siku hii havikuwa vya kuficha kitu. Kijiweni wakapiga debe la maji. Mtu akapaza sauti, "Sahani ya mtu mmoja! Leo hailiwi!" Mwajabu hakucheka. Alimmiminia Brightson chai ya tangawizi na kumwekea kitumbua, na kijana wa watu, jua likiwa kali na viatu vimeshika vumbi, hatimaye akaketi kwenye kochi la barazani, akala.

"Mama, mbao zikirudi nitalichukua," alisema kwa upole.

"Najua. Bima isipokuja, mbao nitazirudisha mwenyewe na gari nitalileta mwenyewe mpaka lami. Nimesaini mkataba, sikusaini utani. Ila siyo kabla ya saa kumi."

Saa tisa ilikuwa imepita Stephano alipopiga simu, akaongea kwa sauti kubwa mpaka sote tukasikia. Wamekubali. Wameandika Mbagala. Ada asilimia sita ya thamani, karibu maradufu ya magari mengine, nusu ilipwe leo. Mwajabu alikuwa na akiba ya harusi za Shaabani, aliyoiweka kwa ajili ya breki za mbele. Aliituma yote. Ujumbe wa bima ulipoingia alimpa Brightson asome. Alisoma mara mbili, akaupiga picha, akafuta mikono kwa leso.

"Hongera, mama. Na kitumbua ni kizuri."

"Rejesho la mwezi huu utalikuta tarehe yake. Msalimie mtu wa mjini."

Hela ya breki hakuna tena, basi gari halikutoka. Ramadhani yote hakuna harusi, nalo lilikaa sebuleni na pua yake nyekundu, Mwajabu akiliwasha palepale mlango ukiwa wazi kila baada ya siku chache ili betri isife, akipika futari ya kuuza kwenye jiko lile lile lililofukuzwa ndani. Gregori ameagiza breki, nusu kwa mkopo. Harusi ya kwanza baada ya Idi imeshalipiwa, ya huko Kongowe, kwenye njia ambayo nimeambiwa ni mbovu kuliko yetu. Mashaka anachonga mbao nyingine mbili za kusafiri nazo.

Jioni moja mama yake Lulu alipita, akawakuta wageni wa futari wamebanana kwenye makochi ya barazani, mbu wanawasumbua, na gari limetulia ndani kwenye taa.

"Mwajabu, we! Wageni nje, gari ndani?"

"Wageni wana kwao," alijibu, akimimina uji. "Hili kwao ndiyo hapa."